Sauti ya Ashrafu

Siku Editha aliposikia sauti ya mchumba wake ikitoka kinywani mwa mtu asiyemjua, alikuwa ameshika sahani ya chipsi mayai pale stendi ya Mikumi, na nusura aimwage yote juu ya viatu vyake vipya.

Stendi ilikuwa imefurika. Mabasi ya Iringa na Mbeya yalikuwa yameshusha abiria wapate kula, wauza korosho wanagombania madirisha, moshi wa mishikaki unawaingia watu machoni. Editha alikuwa ametoka Kilosa asubuhi kupeleka maombi ya kazi ya mapokezi kwenye loji moja, kavaa sketi nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa, kasuka nywele zikasukika. Nyuma yake mwanamume mmoja alikuwa akiwaeleza wazungu wawili, kwa Kihispania, kwamba simba wa huku ni wavivu kuliko mjomba wake.

Sauti ile aliijua. Aliisikia kila Jumanne na Alhamisi jioni katika kozi ya Kihispania, daraja la kati, aliyokuwa akisoma chuo cha mtandaoni. Darasani hawafungui kamera, bando lenyewe la kuunga unga, kwa hiyo mwenzake wa mazoezi, Ashrafu, alimjua kwa sauti tu. Na kwa sauti hiyohiyo akampenda. Mtasema huo ni ujinga. Semeni. Hamjamsikia Ashrafu akicheka.

Akageuka, tabasamu limemjaa uso mzima.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Mmasai mrefu, shati la kaki la waongoza watalii, shuka jekundu begani, ushanga mkononi, ndewe za masikio zimetobolewa zikaning'inia. Beji ya kifuani iliandikwa Sapit.

"Ashrafu?" akaita Editha.

Mwanamume akamtazama, akaganda. Hata wale wazungu waliona.

"Umenifananisha, dada," akasema.

Ni sauti ileile. Hakubishana naye. Aliweka sahani kwenye meza ya muuza chipsi, akatoa simu, akapiga namba aliyoihifadhi kwa jina la Laazizi. Simu ikaita ndani ya mfuko wa shati la kaki.

"Pokea," akasema Editha.

Hakupokea. Simu iliita mpaka ikachoka yenyewe.

"Editha, naomba nikueleze."

"Kumbe jina langu unalijua. Lako ndilo nilikuwa silijui."

"Ashrafu ni dereva mwenzangu," alisema Sapit taratibu. "Kampuni ilimwandikisha kozi, halafu ikamhamishia Ruaha. Akanipa neno la siri, akasema ingia tu, hawaangalii sura. Mimi nilitaka kusoma, basi."

"Na kunitongoza? Hiyo nayo ilikuwa kwenye kozi?"

"Siku ya kwanza nilitaka kukwambia. Lakini mwalimu alituuliza ni jambo gani hatutalisamehe maishani. Unakumbuka ulijibu nini?"

Editha alikumbuka, na ndipo akazidi kuduwaa. Kwa Kihispania chake cha kuokoteza, alikuwa amelieleza darasa zima jinsi kundi la ng'ombe lilivyoingia kwenye mpunga wa baba yake kule Magole, mpunga ukiwa umeanza kuiva, likaufyeka wote. Hakuna aliyewaomba radhi. Mzee Nikolaus, mtu aliyezaliwa shambani, akafunga virago, akahamia Kilosa mjini kutengeneza baiskeli za watu. Editha akamalizia kwa kusema kwamba hatakaa meza moja na mfugaji mpaka anakufa.

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijitambulishe," Sapit alisema. "Nikaufunga."

"Wale ng'ombe walikuwa wenu?"

"Hapana. Boma letu liko mbali kabisa na Magole. Ila sema kweli, siku ile ungeniuliza hilo?"

Swali hilo likamtia Editha hasira zaidi.

"Unajua nimefanya nini kwa ajili yako? Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nimehangaika naye wee, nimelia, nimesusa chakula, mpaka juzi akakubali mkwe Mwislamu. Leo nirudi nimwambie sio Ashrafu tena, ni Mmasai?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli," alisema Editha, "wewe unauongea kwa lugha gani?"

Akachukua mkoba wake akaondoka. Wale wazungu wawili walikuwa wameacha kutafuna.

Kuanzia siku hiyo alimfungia simu. Darasani akawa anasema anaumwa koo. Nyumbani, mzee Nikolaus angeinua kichwa kutoka kwenye mnyororo wa baiskeli na kuuliza, "Ashrafu hajambo?" naye akajibu, "Hajambo, baba," huku anatazama pembeni. Chakula hakipiti. Alimchukia Sapit kutwa nzima, na ikifika saa ya darasa anajikuta ameshika simu, anaitolea macho. Mapenzi hayana adabu hata kidogo, jamani.

Ila mtihani wa kuzungumza ulikuwa unakaribia, nao hufanywa wawiliwawili, kamera wazi. Loji ya Mikumi ilikuwa imemjibu kwamba kazi ni yake akileta cheti. Ikabidi apige.

"Haloo," akasema Sapit upesi, kana kwamba simu ilikuwa mkononi.

"Usiniite mpenzi."

"Mbona sijakuita kitu."

"Ulikuwa unataka."

Sapit akacheka kidogo, na Editha akajikuta ameshika kifua. Kumbe alikikosa kicheko kile kuliko alivyodhani. Akakaza sauti.

"Sikiliza. Jumamosi tunafanya mtihani. Utavua hilo shuka lako, utavaa kofia ifunike masikio, utakuwa Ashrafu mpaka dakika ya mwisho. Baada ya hapo kila mtu na hamsini zake."

"Na mzee je?"

"Baba anataka akae ubavuni kwangu amwone mkwe wake. Nimeshindwa kumkatalia, na kumwambia ukweli pia nimeshindwa."

"Editha, umenikasirikia kwa sababu nilidanganya. Sasa unaniomba nidanganye."

"Sikuombi, nakuagiza," akasema, akakata, kisha akakaa kitandani akalia.

Jumamosi asubuhi mzee Nikolaus alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisani, akaketi karibu na binti yake. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Mwalimu, mama wa Kihispania aitwaye Pilar, akatokea kwenye kioo na miwani yake, akawataka wazungumze juu ya familia zao. Kisha akamwambia Ashrafu afungue kamera.

Kamera ikafunguka. Kofia hakuna. Shuka jekundu liko begani, ushanga mkononi, ndewe hizo zinaning'inia.

"Huyu ndiye Ashrafu?" mzee akauliza, akisogeza uso.

Sapit akaanza kusema, polepole, Kihispania kilichonyooka. Alisema yeye si Ashrafu, anaitwa Sapit. Alisema baba yake ni mfugaji, na babu yake vilevile, na kwamba amesoma kozi yote kwa jina la mtu mwingine kwa sababu aliogopa kumpoteza msichana aliyeko pale mbele yake. Alisema yuko tayari kufutwa kwenye kozi.

Mwalimu alivua miwani. Alibaki mdomo wazi, kisha akasema mtihani wa kijana huyo umeishia hapo na chuo kitaarifiwa. Akamgeukia Editha. Je, yeye alijua?

Lilihitajika neno moja tu. Akisema hapana, cheti kiko mkononi, na kazi ya Mikumi ni yake. Alimtazama Sapit. Sapit hakuwa anamsihi kwa lolote. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeshautua mzigo chini.

"Nilijua," akasema Editha.

Basi hata mtihani wako unasimamishwa, mwalimu alisema, mpaka chuo kiamue.

"Anasema nini huyu kijana?" mzee Nikolaus akauliza. "Mbona mwalimu amekasirika?"

Hapo ndipo Editha aligundua kwamba Kihispania kilikuwa chepesi. Kazi ilikuwa Kiswahili.

"Baba, haitwi Ashrafu. Anaitwa Sapit. Ni mtoto wa wafugaji. Alinificha kwa sababu ya maneno niliyosema juu ya shamba letu. Nimejua tangu nilipokwenda Mikumi, na mimi nikakuficha wewe. Nisamehe. Lakini nampenda, baba. Nimejitahidi kuacha, nimeshindwa."

Kwenye kioo, Sapit alifunika uso kwa kiganja. Alikuwa amesikia kila neno.

Mzee Nikolaus macho yalimwiva, mishipa ya shingo ikamsimama, na Editha akajua baba yake yuko Magole, amesimama katikati ya mpunga uliolala chini. Mkono wake mweusi kwa grisi ukanyooka kuelekea kwenye simu. Editha akafumba macho akingoja akate.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti.

Mkono ukasimama hewani. Mzee yule aliwachapa wanawe wote kwa kukosa kuamkia wakubwa, na tangu apate akili hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia. Alimwangalia kijana kwenye kioo kwa muda mrefu, mpaka hata mwalimu akaogopa kukohoa.

"Marahaba," akasema, kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Editha akafumbua macho. Hakuamini.

"Ng'ombe wenu mnawalisha wapi?" mzee akauliza.

"Mbali na mashamba, baba."

"Hivyo ndivyo wasemavyo wote."

"Ni kweli, baba. Sikuombi uniamini."

Mzee Nikolaus akavuta koti lake vizuri, akainuka, kiti kikalia. Akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Mwambie baba yako nakuja," akasema. "Nitaona kwa macho yangu. Na wewe Editha, utanisindikiza."