Bado Yuko Chini

Duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, liliporomoka Jumanne, tarehe mosi Novemba 2022, saa saba mchana. Watu wanne walikuwa chini. Watatu walitolewa kabla jua halijazama. Wa nne, Mbwana Jumaa, mwenyeji wa Mkinga, Tanga, hakutolewa. Mvua ilinyesha, maji yakajaa, na mwenye duara akasimamisha kazi ya kumtafuta.

Wachimbaji wa duara lile pale Nyarugusu hawakuwa na desturi ya kusema mtu amefia shimoni kabla mwili wake haujaonekana. Waliamini kwamba ukitamka kifo mapema, mwamba unakataa kumwachia. Walisema tu, "Hajapanda." Ndivyo Luka, mshika kamba, alivyomwambia Asteria, mke wa Mbwana, alipofika mbio na unga mikononi.

"Shemeji, wenzake wamepanda. Mbwana hajapanda."

Asteria akalishika neno hilo. Sokoni alipoulizwa, alijibu hajapanda. Baba yake alikuja kutoka kwao Didia kumchukua yeye na mtoto wake, Ritha. Asteria akamwambia hajapanda, na mzee akarudi peke yake. Kisha mama mkwe wake, Bi Mwanasiti, akapiga simu kutoka pwani kumuulizia mwanawe.

"Bado yuko chini, mama," alisema Asteria.

Bi Mwanasiti alielewa kwamba mwanawe yuko kazini. Akamwombea dua, akaaga. Matanga hayakuwekwa, wala Nyarugusu wala pwani.

Asteria aliuza chai na vitumbua karibu na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Alisaidiana na jirani yake, Paskazia. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mteja alionja chai akaitema.

"Mama Ritha, leo umetutilia chumvi."

"Sukari nimetia kwa mkono wangu," alisema Paskazia. "Wewe ngosha, ulimi wako umeusahau kwenye gongo ya jana."

Watu wakacheka. Yule mteja akamsogezea kikombe. Paskazia akanywa kidogo, akaacha kucheka.

Walimwaga ile wakachemsha nyingine. Nayo ikawa vilevile. Maji yalikuwa ya kisima kimoja na mtaa mzima, na kwa wengine hayakuwa na kasoro. Yalibadilika yakishalala ndani ya nyumba ya Asteria.

Baadaye akaona kigoda. Kilikuwa cha Mbwana, kando ya mlango, na hakuna aliyekikalia tangu Novemba. Sehemu yake ya kukalia ilikuwa na ukoko mweupe. Aliufuta kwa kitambaa. Kesho yake ukawapo tena. Akagusa kwa kidole, akaonja. Chumvi.

Mbwana alikulia kwenye mashamba ya chumvi, upande wa Moa. Jioni alikuwa akimpakata binti yao, Ritha, na kumsimulia kwao: jinsi maji ya bahari yanavyoingizwa mabwawani wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yakafungiwa, jua likayanywa, na watu wakaja na majembe ya mbao kukusanya kilichobaki. Alisimulia mikoko ambayo mizizi yake inasimama nje ya tope. Alisimulia Jasini, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana, na bibi zake wakajificha mikokoni mpaka risasi ziliponyamaza. Ritha alikuwa na miaka minne. Kwa watu wote alikuwa Ritha. Kwa baba yake alikuwa Siti, kifupi cha jina la bibi yake.

"Wazee wenu waliteremka kwetu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani," alipenda kumwambia Asteria. "Wengine hawakurudi. Bibi yake bibi yangu alikuwa mtu wa huku. Mimi nimekuja kumrudisha."

"Mwongo. Umefuata dhahabu."

"Nimekwishaipata."

"Iko wapi?"

Mbwana alimwonyesha Ritha kwa kidevu.

Asteria hakuwahi kuiona bahari. Lakini begi la Mbwana lilikuwa na harufu yake, harufu ya tope na majani yaliyooza kwenye chumvi, na siku chache baada ya ile ya chai aliisikia harufu hiyo nyumbani, magharibi, akiwa anasonga ugali. Ilitoka mlangoni. Kisha sauti ikasema, kwa utaratibu wa watu wa pwani:

"Hodi, wenyewe. Mwenzenu nimerudi."

"Karibu," alijibu Asteria, kabla hajafikiri.

Pazia likasogea. Hakuingia mtu. Kigoda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

Ilikuwa hivyo kila magharibi. Sauti ilizungumza na mtoto kwa upole, ikamsimulia mabwawa na mikoko kwa maneno yaleyale na mizaha ileile. Asteria hakumwambia mtu. Alikuwa akioga mapema, akajifunga kitenge kizuri, akatenga sahani ya tatu. Kwa majuma yale alikuwa na furaha.

Kisha Ritha akaanza kukataa uji. Alitaka maji tu, na maji ya nyumbani tu. Midomo yake ikapasuka, ikafanya weupe pembeni. Zahanati wakamlaza na kumwekea dripu, akapata nafuu. Aliporudi nyumbani akakauka tena. Paskazia alimtazama, kisha akaitazama ile sahani ya tatu.

"Shoga, humu ndani mnakula na nani?"

"Na mtoto."

"Nimekuuliza vizuri."

Asteria akaanza kukusanya vyombo.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeshaanza kuzama, Asteria alitoka kuanua nguo, na aliporudi alikuta kigoda kitupu, mlango wazi, harufu ya tope ikielekea nje badala ya kuingia ndani, na mtoto hayupo, akaifuata harufu hiyo pekupeku akipita makarasha yaliyokwishazimwa, akipita marundo ya mawe, huku akiita Ritha, Ritha, na Paskazia akimfuata nyuma akiita vilevile, mpaka Asteria alipofika kwenye duara lililoporomoka na kumwona binti yake ameketi ukingoni, miguu ikining'inia gizani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maagizo, na kutoka chini, kutoka kwenye maji yaliyofunika vifusi, sauti aliyoipenda kuliko zote ikawa inasema taratibu, "Siti, shuka. Shuka mwanangu, huku hakuna mtu wa kuzungumza naye."

Paskazia alimshika mtoto kwapani, akamvuta.

"Baba kanituma," alisema Ritha. "Kasema nishuke nimshikie taa."

Asubuhi Paskazia aliwapeleka kwa Ustadhi Mwinshehe, mtu wa Pangani, aliyeshona nguo karibu na msikiti na kusomea wagonjwa.

"Padri nitamweleza mwenyewe," alisema Paskazia. "Mayu! Mtoto kwanza."

Ustadhi alimsomea Ritha, akampa maji ya kisimani pale kwake, akamsikiliza Asteria mpaka mwisho.

"Aliyekufa harudi, mama," alisema. "Ila kila mtu anazaliwa na karini, jini wa kuandamana naye. Huyu alikuwa na mumeo tangu siku ya kwanza. Anajua sauti yake na mizaha yake. Mwenzake kafa. Yeye hakuambiwa."

"Nani wa kumwambia?"

"Ninyi. Mtu akifa, watu husema. Wanalia, wanakaa matanga, karini anasikia, anakwenda zake. Nyumba yako inasema hajapanda. Basi anamngojea. Na upweke umemshinda, anatafuta mwenza."

"Nimfukuze?"

"Usimfukuze. Akipiga hodi, usimkaribishe. Mwambie Mbwana amekufa. Kwa kinywa chako. Mimi siwezi kukusemea."

Asteria alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ni sauti yake, Ustadhi. Nikiisema hiyo, sitaisikia tena."

"Najua."

Ustadhi aliinua sindano ya cherehani, akaishusha. "Kuna mwingine ambaye hajaambiwa?"

"Mama yake."

"Kamwambie mapema. Karini anakwenda kwenye mlango ulio wazi."

Magharibi hiyo Asteria alikaa mkabala na mlango. Paskazia alikaa chumbani na Ritha, amemfunga mgongoni kama mtoto mchanga, midomo ikimwenda kwa rozari. Hakukuwa na sahani. Harufu ilikuja.

"Hodi, wenyewe. Mwenzenu nimerudi."

Asteria alifungua mdomo. Akaufumba, akakaza fundo la kanga.

"Hodi, Mama Ritha. Mbona kimya? Umenuna?" Ndivyo alivyokuwa akimtania.

"Mbwana amekufa," alisema Asteria.

Pazia halikusogea.

"Nani kasema?"

"Mimi. Mkewe. Duara lilimwangukia, Novemba. Amekufa. Hatapanda."

Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka, kama ya mtu aliyesimama mbali.

"Na Siti?"

"Siti anabaki na mimi."

Harufu ilipungua kidogo kidogo, ikaisha. Asteria akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu Novemba, na majirani wakaingia bila hodi, wanaume wakawasha moto nje, na matanga ya Mbwana Jumaa yakaanza usiku ule, mwisho wa mwezi wa pili.

Kulipokucha maji hayakuwa na chumvi. Ritha alikunywa uji akaomba mwingine.

Ilibaki pwani. Asteria alipiga simu. Bi Mwanasiti alimwita mwanangu, akauliza hali ya mjukuu, akauliza kama mvua zimeanza. Asteria alijibu maswali yote, akakata simu. Habari kama hiyo haitolewi kwenye simu, alimwambia Paskazia. Akasema atangoja mtoto apate nguvu. Kisha akasema angoje mvua zipungue. Yeye na Ritha waliondoka mwezi wa tano, wakapita Isaka, malori yamejipanga kusubiri mizigo, wakabadilisha basi, wakafika Tanga, wakapanda gari la Moa.

Aliiona bahari kwa mara ya kwanza kupitia dirishani. Mabwawa ya chumvi yalikuwapo, na mikoko, mizizi yake ikiwa nje ya tope, kama alivyosimuliwa. Nyumba ya Bi Mwanasiti ilikuwa ya mwisho kabla ya mikoko, juu ya mchanga mweupe. Mwenyewe, mama mtu mzima, aliwapokea barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye wajina wangu! Njoo, Siti."

Akawaketisha mkekani, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji.

"Usitazame rangi," alisema. "Yamekuwa hivyo tangu mwisho wa mwezi wa pili. Kisima ni kilekile, majirani wanachota meupe."

Asteria alitazama ndani ya kikombe. Maji yalikuwa mekundu. Chini kulikuwa na udongo umetuama, udongo wa Nyarugusu, na ndani yake chembe ndogo zikimetameta. Akakiweka kikombe mbali na mtoto.

"Mama, nimekuja na habari ya Mbwana."

"Naijua, mwanangu. Kaniambia mwenyewe mko njiani."

Msikiti wa kijijini uliadhini magharibi. Adhana ilipokwisha, kukanuka vumbi la mawe yaliyosagwa, na mlangoni sauti ikasema:

"Hodi, wenyewe. Mwenzenu nimerudi."

Ritha aligeuza kichwa. Asteria alifungua mdomo.

"Karibu, baba," alijibu Bi Mwanasiti.