Chupa Ndani ya Maharage

Mimi ni Marselino, mkulima wa Nyakitonto. Mke wangu Vestina ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza, anawasha moto, anakwenda shambani. Mwaka huu akashindwa kuamka.

Hospitalini Mwanza walituambia ni saratani ya mlango wa kizazi. Imeshaenea, haitapona. Nikaogopa hata kulitamka jina hilo. Kwetu tuliamini ugonjwa mbaya ukitajwa ndani ya nyumba, unaweka makao. Watoto tukawaambia ni malaria.

Tulipewa chupa ya mofini, dawa ya maumivu. Nayo nikaiogopa. Jirani yetu Kipriani aliinywa, hakumaliza wiki. Nikaificha ndani ya gunia la maharage. Vestina akawa anauma kanga ili watoto wasimsikie akilia. Mimi nilimsikia, na bado sikuitoa.

Siku ya tano akaja nesi Elieth, anayetembelea wagonjwa majumbani.

"Baba Ange, dawa iko wapi?"

Nikaenda kuifukua.

"Niliogopa itamuua."

"Watu wengi huipata ugonjwa ukiwa umeshafika mwisho, ndiyo maana mnaisingizia. Kinachoua ni ugonjwa. Mpe kipimo hiki kila baada ya saa nne. Usiongeze mwenyewe, nipigie simu. Hii nyingine ni ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo."

Nikampa. Haikupita saa moja, Vestina akaiachia kanga.

Elieth akasogea kitandani. "Mama Ange, sasa unataka nini zaidi?"

"Kesho nampeleka tena Mwanza," nikadakia.

"Nimemuuliza yeye, baba."

Vestina akanitazama. "Mwanza sitaki tena. Nataka kukaa na Ange. Ugonjwa wangu ausikie kwangu, asiusikie kisimani."

Nikamwita binti yetu Ange.

Wakakaa mlangoni na ungo, wakichagua maharage ya mbegu. Vestina akamwambia yote.

"Mama, utakufa?"

"Nitakufa, mwanangu. Ila leo siumwi sana. Wakija shuleni kuwachanja wasichana, usikimbie. Chanjo ile inazuia ugonjwa huu."

Ange alilia, kisha akamlalia mama yake begani. Mkono wa Vestina ukaendelea kuchagua mbegu.

Bado naogopa, sifichi. Ila chupa sasa iko mezani, na kila baada ya saa nne mimi ndiye ninayempa.