Gunia la Mzee Mugweri

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kufagia uwanja, Kagoya aliketi mkekani pamoja na mama yake wakabangua karanga. Alibonyeza ganda kwa kidole gumba, tak! Karanga mbili nyekundu zikaangukia ungoni. Kisha ganda jingine, na jingine. Kazi yenyewe haikuwa nzito, ila ilikuwa na udhia wake, maana kidole kikishaanza kuuma hakiulizi umebakiza kiasi gani.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita. Huko Budondo, nje ya mji wa Jinja, vita vilipita upesi lakini havikuondoka mikono mitupu. Askari waliokuwa wakikimbia walichukua mbuzi, baiskeli, mabati ya shule, hata mbegu zilizoning'inizwa juu ya meko. Darasa la Kagoya lilisomea chini ya turubai lililotoboka, na mvua ikinyesha somo lilikuwa moja tu, kuhama.

Kilichowainua watu wa kijiji kile ni chama chao cha wakulima kilichoitwa Jembe Moja. Wanachama waliitana ndugu, awe Msoga au Mgisu, Mkristo au Mwislamu, na walilimiana mashamba kwa zamu. Tena walikuwa na desturi ambayo hawakuivunja hata njaa ilipobisha hodi. Kabla mwanachama yeyote hajapanda shamba lake, wote walipanda kwanza shamba la nyumba iliyoumia. Msimu huu nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Mugweri, ambaye vita vilimchukulia wanawe wawili na kumwachia wajukuu na goti bovu.

Mbegu zilipatikana kwa juhudi za mtu mmoja, Zubairi, mwenye duka la chumvi na sabuni pale senta, penye maduka ya kijiji. Zubairi alizaliwa Budondo na alisema Kisoga kama mtu mwingine yeyote, lakini nyumbani kwake, kama nyumba nyingi za Waislamu, walizungumza Kiswahili. Baada ya vita wako watu waliokunja uso waliposikia lugha hiyo, kwa kuwa iliwakumbusha askari wa vizuizi vya barabarani. Wengine walimvunjia duka lake, wakisema Waislamu wote walikuwa watu wa serikali iliyoanguka. Chama ndicho kilichomjengea mlango mpya. Naye hakusahau. Mbegu zilipokosekana Jinja nzima, alikwenda Mbale kuzitafuta, na wakati ule kutoka Mbale hadi Jinja haikuwa safari, ilikuwa mtihani. Akarudi na magunia ya karanga nyekundu yaliyofichwa chini ya vitunguu ili yasinyang'anywe njiani.

Mama yake Kagoya, Nafuna, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aligawa magunia, kila nyumba ibangue lake, na lile la Mzee Mugweri akalichukua yeye.

"Karanga za mchuzi mnaweza kuzimwagia maji ili maganda yalainike," aliwaambia wote. "Lakini mbegu inabanguliwa kavu. Ikilowa na kufungiwa, inakufa ndani kwa ndani, na kwa nje unaiona nzima."

Kagoya alikuwepo. Alisikia kila neno.

Gunia lilipofika nusu, habari zilikuja kutoka Mafubira kwamba dada yake Nafuna amejifungua na hali yake si nzuri. Nafuna alifunga nguo zake katika kitambaa.

"Zilizobaki malizia polepole," alimwambia binti yake. "Zisipoisha, nitakuja kuzimalizia mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kama si Siku ya Jembe, pengine mambo yangekwenda vizuri. Siku hiyo wanachama waliosha majembe yao na kuyapanga mbele ya kanisa, wakapika pamoja, wakawalisha wazee na wagonjwa, na watoto wakaimba. Kagoya alikuwa amechaguliwa kuongoza nyimbo. Lakini ilikuwa mila ya watoto wa chama kwamba ambaye karanga za kwao hazijaisha haimbi. Huketi pembeni na wenzake humtania hadi wachoke, na watoto wa Budondo hawakuwa wepesi wa kuchoka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, kidole gumba chake kilikuwa kimetoka lengelenge, na karanga zilizobaki na maganda yake zilijaa karai. Kagoya alitazama karanga. Akatazama mtungi wa maji.

"Maji kidogo tu," alijiambia.

Alimwaga, akangoja kidogo, na maganda yakawa laini kama karatasi iliyonyeshewa. Kabla giza halijaingia alikuwa amemaliza. Karanga zikiwa bado na unyevu, alizimimina gunini juu ya zile kavu walizobangua pamoja na mama yake, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalisukuma chini ya kitanda. Kesho yake aliimba vizuri sana, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Zubairi.

"Binti yangu, sauti hiyo umeificha wapi siku zote?" alimwuliza akicheka.

Mvua ilikuja juma lile lile. Asubuhi ya kupanda, Nafuna alirudi kutoka Mafubira, dada yake akiwa amepata nafuu, akaenda moja kwa moja shambani na kutuma mtoto kumwambia Kagoya alete gunia. Kagoya alilivuta, akalifungua. Joto lilimpiga usoni. Ndani kulikuwa na harufu ya kitu kilichovunda, na karanga nyingi zilikuwa na ukungu mweupe.

Hapo bado angeweza kuyaokoa yote kwa neno moja. Bado kulikuwa na mbegu za akiba kidogo kwa Zubairi, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Badala yake alitandika mkeka juani, akazisugua karanga kwa kitambaa mpaka ukungu ukatoka, akazijaza tena gunini na kulibeba kichwani hadi shambani.

"Mbona zinang'aa hivi?" mama yake aliuliza.

"Nimezipangusa vumbi, Mama."

"Ahsante, mwanangu." Nafuna alimshika bega, na mkono ule ulimlemea Kagoya kuliko gunia.

Chama kizima kilipanda shamba la Mzee Mugweri siku ile. Mzee mwenyewe, asiyeweza kuinama, aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa akiwabariki mmoja mmoja kwa jina. Kisha kila mtu akaenda kupanda kwake.

Majuma mawili hayakwisha vizuri kabla ya mashamba ya Budondo kuwa kijani. La Mzee Mugweri lilibaki jekundu kama uwanja uliofagiliwa, isipokuwa miche michache iliyosimama mbalimbali. Mjukuu mmoja alifukua udongo kwa kijiti na kutoa karanga nyeusi iliyooza.

Mkutano uliitishwa uani kwa mwenyekiti. Aliyesema kwanza alikuwa Apollo, kijana mwenye nguvu za kulima na ulimi usio na breki.

"Mbegu zetu zimeota. Za mzee hazikuota. Nani alijua gunia lipi ni la mzee? Aliyeyaleta! Alimpa mzee takataka kwa sababu mzee hana cha kumlipa."

Watu walinong'ona. Hakuna aliyesema ndiyo, lakini hakuna aliyesema hapana. Nafuna alijaribu kuwatuliza. "Magunia niliyagawa mimi, tena bila kuchagua," alisema. Lakini wengine walikwisha kuanza kutikisa vichwa.

Apollo akamgeukia Zubairi. Siku zote walizungumza Kisoga, lakini sasa Apollo aliacha lugha yao, akamsemesha kwa Kiswahili kibovu cha vizuizini.

"Wewe bwana, sisi najua watu kama wewe. Wewe nafikiri sisi mutoto?"

Zubairi alimtazama kijana yule ambaye utotoni alikuwa akimpa sukari guru bure. Alipojibu, alijibu kwa Kisoga.

"Karanga zote zilitoka kwenye rundo moja. Sina la kuongeza."

Kagoya alikuwa mlangoni pa jikoni na sahani mikononi. Neno lilikuwa limemjaa kinywani. Aliwaza mama yake, mwenyekiti, ataaibika mbele ya wote. Aliwaza vicheko vya wenzake. Akalimeza. Zubairi akachukua jembe lake, akaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye mlango ule uliojengwa na chama ulifungwa kwa kufuli. Watu walisema amehamia Mbale kwa ndugu yake Habib. Chumvi sasa ilifuatwa mbali, na wanaokwenda kuitafuta walipita mbele ya duka wakiangalia upande mwingine. Kagoya alilima, alipalilia, alikwenda shule, lakini hakuimba tena. Wajukuu wa Mzee Mugweri walipokuja kuomba muhogo, alikuwa wa kwanza kukimbia kuwachimbia, na wa kwanza kujificha wakisema ahsante.

Jioni moja Nafuna aliinjika chungu cha mchuzi.

"Kagoya, mwagia karanga maji zilainike, tubangue upesi."

Kagoya alishika kata. Maji yakamwagika miguuni, na kilio alichokizuia tangu mwanzo wa mvua kikatoka chote. Alisema yote, la lengelenge, la maji, la ukungu, la kitambaa. Nafuna hakumpiga. Aliketi chini pale pale majivuni.

"Na mimi nilikuuliza mbona zinang'aa," alisema kwa sauti ndogo. "Moyo ulisita. Nikaona si vizuri kumshuku mwanangu. Lakini mkutanoni niliacha watu wamshuku Zubairi, nikawatuliza kwa maneno mawili, basi."

Alijipangusa macho kwa kiganja.

"Kesho utawaambia wanachama. Kisha tutakwenda Mbale."

Kagoya aliwaambia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kicheko. Apollo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mzee Mugweri peke yake ndiye aliyesema: "Mtoto amekosa kama mtoto. Sisi wakubwa tulikosa kama nini?"

Apollo akaomba afuatane nao. Walipata nafasi juu ya lori la Mkenya mmoja, Otiende, aliyekuwa akirudi kwao kupitia Mbale. Wakamkuta Zubairi karibu na soko, akipanga vitunguu vya Habib kwenye meza. Kagoya alipiga magoti mbele yake kama mtoto wa kwao anavyomwangukia mkubwa.

"Baba Zubairi, ni mimi niliyeua mbegu. Nilizilowesha. Ulipokuwa unasingiziwa nilikuwa nasikia, na nilinyamaza."

Zubairi aliweka kitunguu chini.

"Inuka, binti yangu. Nimekusamehe."

Apollo naye alipiga magoti, mwanamume mzima, katikati ya maganda ya vitunguu. "Nisamehe, Mzee. Nilikusemesha kama adui." Zubairi alimshika mkono akamwinua.

"Basi rudi nyumbani," Nafuna alisihi. "Duka lipo. Mlango upo."

Zubairi alitikisa kichwa taratibu. "Nimewasamehe, na nimesema kweli. Lakini kurudi ni jambo jingine. Karanga zikioza, mvua nyingine inakuja. Mimi kilichoniuma si karanga. Watu walionijua tangu nikitambaa walihitaji neno moja tu ili waendelee kuniamini. Aliyekuwa nalo alinyamaza, na wengine hawakungoja kulitafuta. Sasa nikilala Budondo, nitakuwa nasikiliza hatua nje ya mlango. Sitaki kuishi hivyo na ndugu zangu."

Hata hivyo, aliwapa mbegu za mvua za pili kwa ajili ya shamba la Mzee Mugweri. Walipofika nyumbani, chama hakikungoja mvua hizo. Wanachama wote walifyeka shamba lile, wakainua matuta na kupanda marando ya viazi vitamu ili watoto wapate chakula mapema. Mvua za pili zilipokaribia, karanga za mzee zilibanguliwa na Kagoya peke yake, kavu, kwa kidole, na alikataa kusaidiwa. Safari hii zilipopandwa, shamba zima lilisimama kijani.

Siku ya Jembe ya msimu uliofuata Zubairi alialikwa, naye akaja. Walimkalisha kwenye kiti cha heshima, wakampakulia wa kwanza, wakamsifu kwa hotuba ndefu. Alikula, akashukuru, akawauliza watoto habari za shule. Hapo ndipo Kagoya alipoelewa. Mtu wa nyumbani hapewi kiti cha heshima. Zubairi alikuwa amekuwa mgeni.

Jua lilipoanza kushuka aliaga ili awahi gari la Mbale. Kagoya na mama yake walimsindikiza hadi barabarani, wakasimama mpaka vumbi likatulia.

"Mama, atarudi lini?" Kagoya aliuliza.

Nafuna hakumdanganya.

"Sijui kama atarudi, mwanangu. Ukweli una msimu wake kama mbegu. Ungeusema asubuhi ile ya kupanda, tungepoteza gunia moja la karanga, nawe ungeaibika siku moja. Ulipochelewa, tulipoteza mtu. Siku zote sema ukweli, hata ukiwa umechelewa, maana ukweli uliochelewa ulimtoa Zubairi lawamani na ukamlisha Mzee Mugweri. Lakini ukiuchelewesha, usitegemee kuvuna yote uliyopoteza."

Walirudi polepole. Huko mbele ya kanisa watoto walikuwa wanamwita Kagoya aje aimbe. Alikwenda, akaimba, na wimbo wote alikuwa akitazama kile kiti kitupu.