Saa ya Marehemu Baba Nimeikuta kwa Fundi, Inauzwa!

Saa ya marehemu baba yangu ilikuwa kwenye sinia la fundi saa... inauzwa!

Jamani, niliishika, nikaiweka, nikaishika tena.

Ni yenyewe. Mkanda wa ngozi una tundu alilolitoboa Baba kwa msumari, ugonjwa ulipomkondesha mkono.

Na saa hii tuliambiwa iliibiwa hospitali!

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale. Mimi nafua mashuka ya hoteli. Kutwa nimesimama, mvuke usoni, miguu imevimba kama ya kuazima. Simu hairuhusiwi mle ndani. Ukimuuliza msimamizi muda, anakujibu, "Kazi ikiisha utajua."

Nikasema basi, nanunua saa yangu ya kwanza. Na sitaki hizi za plastiki. Nataka ya zamani, ya kutia ufunguo, kama ya Baba.

Kama ya Baba! Kumbe naenda kukutana nayo uso kwa uso.

"Hapo umechagua, dada," fundi akaniambia. "Imeingia leo, na inatembea vizuri. Ila aliyekuwa nayo sijui aliitegaje, imepotea saa sita nzima. Lete niirekebishe."

"Usiiguse!"

Hata muuza viatu wa jirani aligeuka.

Haikupotea. Baba hakukubali kutazama nane halafu atamke mbili. Alikuwa anasema, "Mkono wangu mwenyewe unidanganye?" Kwake yeye, ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi unakaa kwenye mbili. Tulimcheka mpaka tukazoea.

Nikampigia kaka yangu palepale. Siku Baba anafariki, yeye ndiye aliyekwenda kuchukua vitu vyake wodini. Nani mwingine?

"Saa ya Baba umeiuza!"

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Kaka, nasema na wewe!"

"...Umeiona wapi?"

"Kwa fundi! Inauzwa kama mitumba!"

Akashusha pumzi.

"Ndiyo. Nimeiuza mimi."

Yaani hata hakujitetea! Nikamtolea uvivu. Nilimwita mwizi, nikamwita mla maiti, nikamwambia asinijue. Wateja wa fundi wanasikiliza, mimi sijali.

Yeye akasema neno moja tu.

"Nitukane mimi. Mama usimguse."

Akakata.

Fundi alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Dada, samahani, siyo umbea. Lakini hii saa haikuletwa na mwanaume."

"Ililetwa na nani?"

"Mama mtu mzima. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwuliza bei, akasema nimpe chochote, ilimradi aondoke."

Miwani ya uzi... Ule uzi niliufunga mimi!

Niliilipia ile saa, nikaitia kwenye pochi, nikaenda nyumbani miguu inaburuta. Hasira zilikuwa zimeniisha njiani. Nilibaki na uchovu tu.

Mama alikuwa anakunja nguo kitandani.

"Mama, saa ya Baba iko wapi?"

"Si nilishasema iliibiwa?"

"Nimetoka kwa fundi, Mama."

Akaendelea kukunja. Kanga moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho akakaa.

"Aliivua mwenyewe siku wanamlaza. Akanivalisha, akasema nisichelewe kuja kumwona."

"Sasa kwa nini utudanganye?"

"Asubuhi ile nesi alinitumia ujumbe. Mgonjwa anakuulizia, njoo saa 10." Alinyoosha vidole vyote, kama bado anahesabu. "Nikasema, kumi bado. Nikafua. Nikampikia uji. Nikampigia pasi shati. Kila mara naitazama saa yake. Mshale ulipogusa kumi, mimi niko mlangoni."

Nilishaelewa, ila sikutaka kuelewa.

"Kitanda walishakitandika. Waliandika kumi ya kwao, ya Kizungu, mwanangu. Saa nne! Mume wangu ameniulizia tangu saa nne mpaka akakata roho mchana, na mimi nipo nyumbani napiga pasi."

Jamani...

Msibani Mama alituambia alimshika mkono mpaka dakika ya mwisho. Mimi hilo neno ndilo lililonifanya nipate usingizi mwaka mzima!

"Kaka anajua?"

"Alinikuta kwenye benchi la wodi, nina uji mkononi. Akasema, Mama, tutasema ulikuwepo."

"Na saa?"

"Nimeificha sandukuni mwaka mzima. Nashindwa kuiacha isimame, kila asubuhi naitia ufunguo. Na nikiitazama, inaniambia kumi. Leo nimechoka."

Nilimkumbatia. Tulilia mpaka tukasikia njaa.

Baadaye akajifuta, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Hujainunua?"

"Hapana, Mama."

Ndiyo, nilimdanganya. Ilikuwa kwenye pochi, nimeikalia.

Nikatoka nje, nikampigia kaka.

"Umeshajua?" akaniuliza.

"Nimejua. Nisamehe, kaka yangu."

"Yale ya mla maiti umeyatoa wapi lakini?"

Nikacheka huku kamasi zinatoka. Saa ya Baba nimempa yeye. Anaivaa kazini, na akifika kwa Mama anaivua getini.

Mimi nilirudi kwa fundi nikachagua nyingine. Ndogo, ya kike, ya zamani, kioo kimekwaruzika. Uso wake hauna namba hata moja, ni vistari tu.

Juzi Mama, katikati ya kukunja nguo, aliushika mkono wangu, akaigeuza geuza ile saa.

"Sasa hii unaisomaje?"

"Nikiwa sina hakika, nauliza watu, Mama."

Akauachia mkono wangu.

"Laiti na mimi ningeuliza siku ile," akasema. Kisha akaendelea na kukunja nguo zake.

Ndugu msomaji, sina mengi, kesho zamu yangu ni ya asubuhi. Kabla hujamwita ndugu yako mwizi, uliza. Ukiambiwa njoo saa kumi na mtu wako ni mgonjwa, uliza kumi ipi. Hata kama unaonekana mshamba, uliza tu.