Mifupa ya Wasio na Jina

Risasi ilichimba ukuta wa makaburi, vumbi la saruji likamwingia Deyanira machoni.

Akajitupa chini. Vyuma vya upasuaji vilivyokuwa mgongoni mwake vikamkumbusha kwamba yeye si msichana tena.

"Tausi, unanisikia?" Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Nakusikia, Kanali. Nina shughuli kidogo."

"Shughuli gani asubuhi yote hii?"

Risasi ya pili ikapasua chombo cha maua.

"Hiyo."

Akainuka na bastola yake ya Glock mkononi, akakimbia.

Mbele yake Ovidio, mhudumu wa chumba cha maiti cha Puerto Gálvez, alikuwa anachanja mbuga katikati ya kuta za makaburi, akifyatua nyuma bila hata kugeuka. Kuta zenyewe zilipanda ghorofa kwa ghorofa, kila tundu na maiti wake. Ilikuwa Jumatatu, siku ya marehemu, na kila mahali palijaa wanawake, mishumaa na ndoo za maji. Deyanira hakuthubutu kupiga. Angepiga, angeua bibi wa mtu.

Wala haikuhitajika. Mama Rosmira, muuza samaki wa kukaanga, alichomoza nyuma ya ngazi akamtandika Ovidio ndoo ya chuma usoni.

"Mbwa wewe! Mwizi wa miguu!"

Ovidio akaenda chini chali. Mama akamwongeza nyingine.

"Basi, mama," Deyanira alisema, akiukanyaga mkono wenye bastola. "Namtaka akiwa na meno ya kusemea."

"Ya kusemea yanatosha mawili, mwanangu."

Mama Rosmira ndiye aliyepiga simu iliyomleta Deyanira Cuesta, kachero wa Kitengo cha Saba, hadi mji huu wa kando ya Mto Magdalena. Watu wenye bunduki huko juu huua, hutupa mtoni, na mto huwaleta Puerto Gálvez wakiwa wamevimba na hawana jina. Kaburini huandikwa herufi mbili tu, N.N., yaani asiye na jina. Lakini watu wa pale hawakubali mtu alale peke yake. Kila mmoja huchagua maiti wake, akampa jina, akalipaka rangi tundu lake na kuandika juu yake: Ana mwenyewe. Humwombea, naye huwaombea. Hivyo ndivyo walivyozoea, na asiyeelewa shauri yake.

Mama Rosmira alikuwa na mtoto aliyechukuliwa miaka mingi nyuma. Hakikurudi hata kiatu. Basi kijana aliyeopolewa Ijumaa alipoletwa, akasema huyu ni wangu, anaitwa Evelio. Jumapili, kabla tundu halijazibwa, akaomba amvishe soksi maana mtu haendi safari ile na miguu ya baridi.

Akapapasa muundi wa marehemu.

Akapiga yowe lililosikika hadi bandarini.

Deyanira alikuwa ameuona mguu huo asubuhi hii ya Jumatatu. Toka goti hadi kifundo hapakuwa na mfupa. Palikuwa na bomba la plastiki la maji, lile la kuunganishia sinki, na ngozi imeshonwa juu yake kwa uzi wa kuvulia samaki. Kibandiko cha duka la vifaa vya ujenzi kilikuwa bado kipo. Deyanira amefanya kazi hii miaka mingi, ameona mengi. Alikwenda nyuma ya ukuta akatapika, na hakuona haya.

Aliporudi, Ovidio akatimua mbio. Mtu asiye na hatia angekimbilia wapi?

Sasa alikuwa amekaa chini, damu puani.

"Mifupa ya kijana iko wapi?"

"Afande, mimi nimetumwa tu..."

"Sikukuuliza nani kakutuma. Namjua. Ni Profesa."

Kila kliniki ya mikoa ile ilimjua huyo Profesa, Baldomero Rincón. Aliuza vyuma vya mgongo: skrubu, fito, vikopo vya titaniamu. Suti safi, marashi ya bei, na heshima za kuinamisha kichwa. Mtu akivunjika pingili ya mgongo, daktari huifunga kwa skrubu na fito, kisha hupakia mfupa uliosagwa ili pingili zishikane ziwe kitu kimoja. Chuma kinashikilia tu. Kinachounga ni mfupa. Na mfupa halali hutoka kwa marehemu aliyepimwa, ukasafishwa, ukasubirishwa wiki kadhaa mpaka maabara iseme ndiyo.

Huu ulitoka mtoni Ijumaa.

Wagonjwa kadhaa walikuwa wameshaoza migongo. Mmoja, mwalimu wa chekechea, alizikwa mwezi uliopita. Kitengo kilijua Profesa anauza sumu. Hakikujua anaichota wapi.

"Ni N.N., afande!" Ovidio alilia. "Hana mtu! Profesa alisema hawa hawana mtu, nani atauliza?"

"Mimi," alisema Mama Rosmira.

Wanawake walikuwa wameshawazunguka, ndoo mkononi.

"Profesa ni mtu wa kuja, hajui," mama aliendelea. "Lakini wewe umezaliwa hapa, Ovidio. Mama yako mzazi ana maiti wake wawili ukuta ule pale, anawawashia mishumaa kila Jumatatu. Kwa hiyo hata wale umewakata?"

Ovidio akafunika uso. Hilo lilimwingia kuliko ndoo.

"Chupa ya mfupa iko Barranca," alisema kwa sauti ndogo. "Ameondoka nayo mwenyewe alfajiri. Kuna msichana alianguka na pikipiki, mgongo umevunjika. Wanampasua leo."

Deyanira alikuwa ameshashika redio.

"Kanali. Barranca, upasuaji wa mgongo leo. Nipe jina na kliniki."

Kanali Zambrano, mkuu wake, hakuwa mtu wa maneno. Alipekua orodha za majeruhi, kisha akarudi redioni.

"Maryori Úsuga. Miaka kumi na tisa. Kliniki ya ghorofa tatu karibu na gati. Nimepiga, mapokezi wanasema leo hakuna upasuaji wa mgongo."

"Wanaficha. Basi upo."

"Ndivyo ninavyoona. Sijui nani pale ni wa Profesa na nani si wake. Nikituma polisi wa karibu, atapigiwa simu kabla hawajavaa kofia."

"Helikopta?"

"Iko Bogotá. Na barabara imekatika, mlima umeporomoka."

"Nachukua mto."

"Tausi. Mfupa ukishaingia, huyo msichana tumempoteza."

"Najua unaingia wapi, Kanali. Zima redio."

Boti ya polisi ilikuwa na injini mbili za Yamaha nyuma. Deyanira akazifungulia mafuta hadi mwisho. Mto ulikuwa umefura, rangi ya kahawa ya maziwa, magogo yakija kama yametumwa. Kila wimbi lilimgonga uti wa mgongo, chuma kikauma kwenye mfupa. Alilia njia nzima kwa maumivu na hasira, na upepo ukamkausha machozi. Alikuwa anamfikiria msichana asiyemjua, amelala kifudifudi, hajui kitu.

Barranca hapakuwa na nafasi gatini. Akaipandisha boti kwenye tope, akaruka, akazama hadi magotini, akatoka.

Mlango wa nyuma wa kliniki ulilindwa na jitu lenye shingo ya fahali.

"Huku hapapitwi, bibie. Na matope hayo yote! Umetoka kulima?"

"Nimetoka kuvua."

Jitu likacheka. Mkono wake ukaelekea kwenye bastola yake ya Beretta. Kitako cha Glock kilimkuta chini ya sikio kabla hajamaliza kicheko, akalala taratibu kama mtoto aliyeshiba.

Ngazi. Ghorofa ya pili. Koridoni, mzee mwenye mikono ya fundi alikuwa amekaa na rozari, akamtazama akipita na matope yake.

Taa nyekundu juu ya mlango ilikuwa inawaka.

Deyanira akausukuma kwa bega.

Baridi. Harufu ya dawa. Msichana alikuwa kifudifudi chini ya shuka za kijani, mgongo umefunguliwa, vichwa vya skrubu vinameremeta kwenye nyama. Daktari Casilda Urrego, mwanamke wa makamo, ameinama. Kando yake, amevaa vazi la upasuaji, glavu na barakoa, Profesa Rincón alikuwa anampa vifaa kimoja baada ya kingine, kama ilivyo desturi ya wauzaji wa vyuma huko. Mbele yake palikuwa na bakuli dogo la unga mweupe.

"We mwanamke!" Daktari alifoka. "Toka! Unanichafulia chumba!"

"Kimeshachafuka, Daktari. Usiweke huo mfupa. Umetoka kwa maiti wa mtoni."

Daktari Casilda akamgeukia Rincón polepole.

"Anasema nini huyu?"

Rincón alichukua drili mezani, akaiwasha, ncha yake ikasimama juu ya jeraha, juu kabisa ya uti.

"Nasema mtu yeyote asisogee," alisema kwa upole ule ule wa kuuzia bidhaa. "Daktari, rudi nyuma. Na wewe, afande, bastola chini. Mkono wangu ukiteleza kidogo tu, huyu mtoto hatainuka tena."

"Baldomero," Daktari alinong'ona, "nimefanya kazi na wewe miaka yote hii. Uliniletea keki nilipopata mjukuu."

"Na bei nzuri vilevile. Hukuuliza kwa nini ni nzuri."

Daktari akainamisha macho.

Deyanira akaiweka Glock sakafuni. Akabaki ameinama. Aliitazama ile drili, kisha akayatazama matope kwenye viatu vyake, kisha mikono ya Rincón, ile mikono iliyopanda na kushuka juu ya shuka safi miaka nenda rudi, haijawahi kugusa kitu kisichochemshwa.

Akavua kiatu kimoja.

Akamrushia kifuani.

Hakikuwa kizito. Kisingemuumiza paka. Lakini tope lilipomjia, Rincón alifanya alichofundishwa siku ya kwanza ya kazi, alichofanya bila kufikiri maisha yake yote: alirudi nyuma hatua nzima na kuinua mikono yote miwili juu ili isichafuke.

Lo! Mtu anayesaga maiti, anaogopa kiatu!

Deyanira alikuwa ameshamfikia. Kiwiko kooni, goti tumboni. Drili ikaanguka sakafuni ikizunguka yenyewe hadi nesi aliyekuwa kando alipoing'oa kwenye umeme. Pingu zikalia.

"Chupa nyingine ziko wapi?"

"Nataka wakili," Rincón alikohoa.

"Utampata. Ziko wapi? Au nikukabidhi kwa wanawake wa Puerto Gálvez? Wana ndoo."

Rincón alimtazama usoni akaona hatanii.

"Kwenye friji. Nyumbani kwangu. Zote."

Deyanira akageuka kwa Daktari Casilda, ambaye alikuwa amesimama vilevile, mikono hewani, machozi yamelowesha barakoa.

"Ulikuwa umeshaweka?"

Daktari akalitazama bakuli.

"Daktari!"

"Upande wa kushoto. Kijiko kimoja."

Nesi akajishika mdomo.

"Kitoe," alisema Deyanira.

"Nitakitoa. Nitaosha mpaka mikono iniishe nguvu. Lakini niweke nini badala yake? Bila mfupa, hizi skrubu zitakatika na atarudi hapa akiwa kilema."

"Mimi waliponifunga vyuma, mfupa walichota kwenye nyonga yangu mwenyewe. Iliniuma mwaka mzima. Natembea."

Daktari Casilda akamtazama, kisha akapumua kwa nguvu. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kazi.

"Nesi, maji ya chumvi, yote yaliyomo humu ndani. Glavu mpya, shuka mpya, andaa nyonga ya kulia. Afande, toa takataka yako chumbani kwangu, na wewe mwenyewe utoke."

Deyanira akaokota bastola na kiatu, akamburuta Profesa nje.

Redio iliita koridoni.

"Tausi?"

"Mzigo ninao. Chupa ziko kwenye friji yake. Wahi kabla hazijatembea."

"Vijana wameshaondoka. Na msichana?"

"Sijui, Kanali."

Mzee wa rozari alikuwa amesimama. Aliwatazama, yeye na mtu mwenye pingu, na rangi ikamtoka usoni.

"Mimi ni Hernando Úsuga, babake Maryori," alisema. "Daktari, binti yangu?"

"Mimi si daktari, mzee. Kaa." Deyanira naye alikaa, akamkanyaga Rincón asinyanyuke. Angeweza kumwambia kila kitu kiko sawa. Alitamani sana kumwambia hivyo. "Nisikilize vizuri. Walimwekea mfupa mbovu kidogo. Sasa hivi wanautoa. Wanamwosha. Lakini uchafu hauonekani kwa macho. Homa ikipanda wiki hii, watakuambia ni kawaida baada ya upasuaji. Usikubali. Piga kelele, vunja dirisha ikibidi, mpaka wamfungue tena."

"Mimi nivunje dirisha la hospitali? Mimi fundi seremala?"

"Wewe ni baba yake."

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Deyanira akamnyanyua Rincón kwa kola akaondoka naye. Hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata alikuwa Bogotá, nje ya mahakama, mvua nyembamba inamnyeshea. Simu ikaita. Namba ya Barranca.

Aliiacha iite kidogo. Aliogopa, ukweli ndio huo.

"Ndiyo, Mzee Hernando."

"Homa ilipanda usiku wa tatu," sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Kijana wa zamu akaniambia ni kawaida, nikalale. Nikamwambia silali. Akaniambia nitaitiwa mlinzi. Nikabeba kiti, afande. Nikakivunjia mlango wa kioo."

"Kisha?"

"Wakamwita Daktari Casilda kwake. Alikuja na nguo za kulalia. Wakamfungua, wakakuta usaha umeanza kushika njia. Wakaosha tena."

Deyanira akaikaza simu sikioni. Mzee akaendelea.

"Yuko hai. Jana amechezesha kidole gumba cha mguu. Kimoja tu, cha kulia. Mguu wa kushoto bado, na Daktari anasema huenda usirudi." Kisha akaongeza: "Hospitali inanidai mlango."

"Waambie wanitumie mimi hati ya madai ya mlango."

Akakata simu. Ndani walikuwa wanaita shahidi wa kwanza wa kesi ya Baldomero Rincón. Deyanira akapangusa mvua usoni, akakabidhi Glock kwa askari wa mlangoni, akaingia.