Nilionja, Nikatema

"Pumua!"

Nikapumua.

"Tena! Pumua hapa, puani kwangu!"

Nikapumua tena...

Bi Khawla, mama wa mchumba wangu, alikuwa ananinusa mdomo mbele ya wanawake waliojaa sebule yake ya Malindi, kule mjini. Walikuja kupanga harusi yangu! Mkono mmoja kashika kidevu changu, wa pili kashika simu. Ndani ya simu nimo mimi, na gilasi ya mvinyo iko mdomoni.

"Ati mpole!" alisema mmoja. "Wapole ndo hawa!"

"Kimya kingi, shoga, kina mshindo mkuu!"

Wakacheka.

Mama yangu, Bi Mwatum, aliiangalia ile picha, kisha akaangalia mikono yake.

Mimi sikulia. Ndugu zangu mnaosoma, msidhani nilikuwa jasiri. Ushawahi kulalia mkono ukafa ganzi? Basi mimi nilikufa ganzi mwili mzima. Nikawa natazama kikombe cha kahawa mezani, nawaza tu kuwa kimepasuka ukingo.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa...

Naitwa Sichana, kwetu Bwejuu. Shule niliachia darasa la tano, nikaingia pwani kupanda mwani na mama. Nna haya tangu mdogo. Mtu akiniita naitikia "naam," na hapo maneno yameniishia.

Hilo ndilo lililompendeza Bi Khawla. Alikuwa akija kununua mwani wa sabuni zake, akaniona, akamwambia mama, "Huyu ntamchukua mimi, awe mke wa Tamim."

Tamim hakuulizwa. Mimi pia sikuulizwa... lakini mimi nilimpenda. Alikuwa akinipigia simu ananichekesha. Kwangu ilitosha.

Hoteli ya pale kwetu ikanipa kazi ya kuosha gilasi. Bi Khawla alijua. Alisema mwenyewe, "Kuosha si kunywa."

Sasa siku moja, Mudrik, msimamizi wa mgahawa, akatuita wafanyakazi wote mezani. Shehena mpya ya mvinyo uleule wa kila mwaka ilikuwa imeingia kutoka Australia, na wageni wangeuliza.

"Kila chupa hapa ina zabibu ya aina moja tu," akasema. "Haikuchanganywa. Hiliki ni hiliki, karafuu ni karafuu. Ukishaijua harufu yake huisahau."

"Mimi sinywi," nikamwambia.

"Hapa hanywi mtu. Unaonja, unatema kwenye ndoo. Wewe kama hutaki, nusa tu."

Nikanusa.

Jamani, sitawadanganya... Ile nyekundu, Shiraz, ilitoa zambarau mbivu na pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Semillon ilikuwa asali na mkate uliobabuliwa kwenye makaa. Nikarudia mara mbili. Sijui nisemeje, ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu ukakuta vitu vya kwenu.

Halafu ikaja Riesling, nyeupe kama maji. Limau! Na nyuma ya limau... mafuta ya taa.

"Mnanitania," nikasema.

Mudrik akacheka. "Ndivyo ilivyo ikikaa miaka. Watu wanaipendea hayo."

"Onja basi," Badria akanigusa kiwiko. Badria ni jirani yangu, yeye yuko kaunta ya vinywaji. "Ncha ya ulimi tu, uteme. Mama yako mwezi wa Ramadhani haonji chumvi ya futari?"

Nikafikiri. Kweli, mama huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake iko palepale. Kwetu kila mpishi hufanya hivyo. Nikajiambia, kama kuonja hakumfunguzi aliyefunga, basi kuonja si kunywa.

Nikaweka ncha ya ulimi. Ikanikata kama limau bichi. Nikatema, nikasukutua maji mpaka Mudrik akanicheka.

Sikuona kuwa Badria kainua simu.

Haya, turudi Malindi.

"Sema," Bi Khawla akaniambia. Sauti yake ilishuka, na hiyo iliniogopesha zaidi. "Ulikunywa, hukunywa?"

"Nilionja... nikatema."

Sebule ililipuka!

"Eti alitema! Astaghfirullah!"

"Kama chumvi," nikasema. "Kama mtu anavyoonja chumvi akiwa amefunga..."

"Usiitie saumu yako humo!" Bi Khawla akanikata. "Mwanangu, mimi nilikuchagua kwa mikono yangu!"

Hapo pazia likafunuliwa. Tamim! Kanzu nyeupe, imepigwa pasi, kofia kichwani. Nikamtazama. Nilidhani atasema neno moja tu la kunitetea...

"Sikutegemea, Sichana," akasema. "Nipe pete yangu."

Akainama kuipokea. Mkono wa kanzu yake ukapita chini ya pua yangu.

Limau. Na nyuma ya limau, mafuta ya taa.

Nikavuta pumzi tena. Ndiyo yenyewe! Ingekuwa Shiraz, kanzu ingeingia doa jekundu na dunia nzima ingeona. Riesling haiachi alama. Inaacha harufu, na mle ndani aliyeijua harufu ile alikuwa mmoja tu.

Sasa niambieni nyinyi... ningesema nini? "Mwanao ananuka mvinyo"? Wangeniuliza nimejuaje. Neno ambalo lingemfunga Tamim lingenifunga mimi kwanza.

Nikavua pete. Nikampa. Mama akanishika mkono, tukatoka.

Asubuhi nikamkuta Badria kaunta.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Hakunitazama. "Tamim aliniomba picha. Alisema mama yake akishachagua hakataliwi, ili harusi ivunjike lazima aibu iwe yako."

"Na mvinyo anaupata wapi?"

"Kwangu," akasema. "Miaka sasa. Nisamehe, shoga."

Nikachukua kitambaa, nikaendelea kufuta gilasi. Najua mnataka kusikia kuwa nilimzaba kibao. Sikumzaba. Sikuwa na mkono wa kuinua.

Bwejuu nzima ilishajua. Wanawake tuliopanda nao mwani wakawa wakiniona wanahamia kamba za mbali. Aliyetaka kuniposea mpwa wake zamani, akapita mlangoni kwetu kama nyumba haina watu. Mama akaacha kwenda harusi za watu.

Kisha siku moja gari ikasimama mlangoni. Akashuka Bi Khawla, peke yake.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba."

Mama akamkaribisha ukumbini. Hakutaka. Akapita moja kwa moja mpaka uani, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, yeye na buibui lake la fahari!

"Siku ile Tamim alipoinama, ulivuta pumzi mara mbili," akasema. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ulinusa nini?"

Nikatazama chini. Mama akasema taratibu, "Mjibu."

"Limau, Bi Khawla. Na mafuta ya taa. Ndiyo harufu ya ule mvinyo nilioutema."

Bi Khawla akafumba macho.

"Nilitupa jiko langu la mafuta," akasema. "Nikasema linavuja. Nikanunua jengine, nalo nikalitupa. Chumba cha Tamim kinanuka vile tangu sijakujua wewe."

Machozi yakamshuka. Akanishika mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Rudi. Ntamlazimisha akuoe, wallahi!"

Na mimi, ambaye maneno huniishia kwenye "naam," nikasikia sauti yangu.

"Sitaki kuolewa naye. Lakini waite wale wanawake. Wote, sebuleni kwako, na mama yangu akiwepo. Uwaambie ulichoniambia hapa."

Akaniachia mikono.

"Hilo siliwezi, Sichana. Ni mwanangu."

"Na mimi ni mwana wa huyu," nikasema.

Akainuka, akajifunga buibui, akaondoka. Mama hakumsindikiza.

Sina furaha ya kuwapa mwishoni, ndugu zangu. Ganzi bado ipo, ila vidole vimeanza kuchoma kidogo. Kuonja kwangu ni baina yangu na Mola wangu, nimetubu. Yaliyobaki si yangu, na sitayabeba tena.

Nna funzo moja. Ukimwaibisha mtu sebuleni, usije kumwomba radhi uani.

Bi Khawla hakuweza kuwaita. Basi wale wanawake wote wana simu, na leo nimewaita mimi, kwa maandishi haya.