Chakula Mlangoni pa Baba Mkwe

Nyumbani kwa Mzee Ambilikile, kule Kawetele, kulikuwa na nyumba mbili kwenye ua mmoja. Kubwa ilikuwa ya mzee na mkewe, Mama Atuganile. Ndogo ilikuwa ya mtoto wao Lugano, mkewe Tulia, na watoto wao wawili. Katikati palikuwa na jiko. Nyuma ya jiko migomba ilishuka hadi mtoni.

Tulia alikuwa ameolewa hapo kwa miaka tisa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa karibu na baba mkwe wake. Si kwamba waligombana. Ndiyo mila ya Wanyakyusa. Mke wa mtoto humheshimu baba mkwe kwa kumkalia mbali. Akimwona njiani, huingia migombani mpaka apite. Hamsemeshi, wala hamtazami usoni. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, na vijana wa Tukuyu mjini huicheka. Lakini Mzee Ambilikile alikuwa mtu wa zamani, na Tulia hakuona taabu.

Tulia alipika, Mama Atuganile akapeleka chakula. Mzee akishiba, alipaza sauti huku akitazama ukuta.

"Ndaga fijo! Mwambie huyo aliyepika, asante sana."

Na huyo aliyepika alikuwa jikoni, anamsikia vizuri tu. Mama Atuganile alicheka kila mara.

"Nyie watu! Nimechoka kuwa posta yenu," alisema.

Machi ya mwaka 2020, korona ilifika nchini. Shule zikafungwa. Redio ikasema watu wanawe mikono kwa sabuni na wasishikane mikono. Jumamosi moja ya mvua, Nelson, mdogo wake Lugano, alirudi kutoka Dar es Salaam. Duka alimokuwa akiuza lilikuwa limefungwa. Alikuwa na kikohozi kidogo.

"Ni baridi ya huku tu," alisema. "Nimelizoea joto la pwani."

Familia haikuwa ya watu wapuuzi. Walimnawisha mikono. Walimsalimu kwa viwiko, na watoto wakacheka sana. Mama Atuganile alitamani kumkumbatia mwanawe, lakini alijizuia.

Halafu wakaleta kimpumu. Hiyo ni pombe ya ulezi. Inatiwa maji ya moto, na watu huinyonya kwa mrija wa mwanzi. Chungu ni kimoja na mrija ni mmoja. Unazunguka kutoka kwa mtu hadi mtu, na kumnyima mtu mrija ni kumwambia kwamba si wa kwenu. Lugano na Tulia hawakunywa pombe. Lakini mrija ulitoka kwa Nelson ukaenda kwa mama, ukatoka kwa mama ukaenda kwa mzee, ukarudi tena. Hakuna aliyeufikiria. Mikono si walikuwa wamenawa?

Baada ya siku tano Mama Atuganile alianza kukohoa. Mwili ukawa wa moto.

"Mama, twende zahanati," Tulia alimwambia.

"Kwa mafua? Mvua zote hizi, nani hana mafua?"

Majirani walikuja kumjulia hali. Walijaa chumbani, na dirisha lilifungwa kwa sababu ya baridi. Siku ya sita ya ugonjwa, mama alishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema. Lugano alikodi gari, wakampeleka hospitali. Daktari alisema dalili zote ni za korona, na kwamba amecheleweshwa. Siku ya tatu hospitalini, Mama Atuganile alifariki.

Tulia alikaa jikoni, moto umezimika. Alilia kama mtoto. Alijilaumu kwamba hakumlazimisha mama kwenda zahanati.

Asubuhi ile alikuja Nesi Aika wa zahanati. Alikuwa mwenyeji wa Moshi, lakini Kawetele wote walimjua. Alivaa barakoa, akasimama katikati ya ua.

"Shikamoo, baba. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Ambilikile. Aliketi nje ya mlango wake, amejifunika koti. Akakohoa. Nesi Aika alimtazama kwa makini.

"Kikohozi hicho kimeanza lini, baba?"

"Juzi. Achana nacho. Leo namngoja mke wangu aletwe kutoka hospitali. Watu wako njiani. Watakuja wa Matwebe, watakuja wa Igogwe. Watalala hapa siku zote za msiba, na mimi nitakaa nao."

"Baba, naomba unisikilize," alisema Aika. "Mtu mwenye ugonjwa huu akikohoa au akiongea, mate madogo sana yanatoka na pumzi. Hatuyaoni. Aliye karibu anayavuta. Chumba kikifungwa, yanabaki humo humo hewani. Na mkichangia kikombe, mate yanaingia mdomoni moja kwa moja."

"Au mrija," alisema Nelson.

Wote walimgeukia.

"Nilikuwa nakohoa," aliendelea Nelson. "Nikanyonya, nikampa mama. Mimi mwenyewe nilimpa."

Aika ndiye aliyemjibu, taratibu.

"Hukujua, kaka yangu. Sasa tumejua. Tumzike mama tukiwa wachache, watu wasilale hapa. Na wewe, baba, ukae chumba cha peke yako, dirisha wazi, sahani yako na kikombe chako. Asiingie mtu bila sababu."

Mzee alisimama kwa hasira.

"Mke wangu azikwe, mimi nimefungiwa ndani kama mchawi? Mnanitenga! Afadhali nife naye!"

Lugano aliinamisha kichwa. Nelson alikuwa analia. Mzee akikasirika, mama ndiye aliyekuwa akimtuliza, na mama hayupo. Tulia aliyasikia yote kutoka jikoni. Akaona wazi kwamba mzee akikaa na waombolezaji, msiba mmoja utazaa misiba mingi. Alitoka nje. Alisimama hatua sita kutoka kwa baba mkwe wake, macho chini.

"Baba," alisema.

Lugano alishtuka. Hakuwahi kumsikia mkewe akimsemesha mzee.

"Baba, miaka tisa sijakaa karibu nawe. Sijakupa mkono hata siku moja. Je, nilikuwa nakutenga?"

Mzee alilikaza koti lake kifuani.

"Nilikuwa nakuheshimu, na wewe ulijua. Sasa nyumba nzima itakuwa wakwe zako, kwa siku chache. Mimi kazi hiyo naiweza. Nitapika, nitaweka mlangoni, nitarudi nyuma. Mama ametuacha. Usituache na wewe, baba."

Mzee Ambilikile alijifunika uso kwa koti, mabega yakitikisika. Kisha aliingia ndani. Baada ya muda wakasikia sauti yake.

"Hili dirisha limekwama. Nani analifungua kwa nje?"

Walimzika Mama Atuganile alasiri, watu kumi na wawili tu. Majirani walisimama barabarani na miavuli yao, mbalimbali, wakaimba nyimbo za kanisani kutoka huko. Kisha wakarudi makwao. Mzee hakuona chochote. Homa ilikuwa imemlaza.

Nelson alitengeneza kibuyu chirizi karibu na jiko: dumu la maji lililofungwa kamba, unakanyaga kijiti maji yanatiririka. Sabuni waliitundika pembeni. Nelson naye alikaa peke yake, kwenye kibanda cha kuhifadhia ndizi. Tulia alishona barakoa za kitenge. Kila alipopeleka chakula alivaa barakoa, akaweka sahani kwenye kigoda mlangoni, akarudi nyuma, akanawa. Vyombo vya mzee aliviosha peke yake kwa sabuni na maji ya moto. Watoto hawakuvuka jiko. Nesi Aika alipita mara kwa mara kuangalia jinsi mzee anavyopumua.

"Akianza kuhema, msingoje kesho," alionya. "Siku hiyo hiyo, hospitali."

Kila asubuhi Tulia alisalimu kutoka uani. "Mugonile, tata?" Na mzee alijibu kwa sauti dhaifu. Asubuhi moja hakujibu. Tulia alisimama, uji mkononi, hana nguvu ya kuita tena. Kisha akasikia kitanda kikilia, na mzee akasema, "Nipo, nipo. Nilikuwa nimelala." Tulia aliweka uji, akaenda kulia nyuma ya jiko.

Wiki ya tatu, homa ilikuwa imekwisha siku nyingi, na Nesi Aika akamruhusu mzee kutoka. Nelson naye alikuwa ametoka kibandani, amepona. Lugano alikuwa mzima. Tulia na watoto walikuwa wazima. Majirani wakaanza kuja kutoa pole, wawili leo, wawili kesho. Walinawa, wakaketi uani kwa nafasi, wakasalimu kwa kupiga makofi. Na Kawetele, kwa muda mrefu baada ya hapo, kila aliyealikwa kunywa kimpumu alikwenda na kikombe chake, na hakuna aliyeona ni matusi.

Siku aliyotoka, mzee alikwenda moja kwa moja kaburini, kando ya migomba. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Tulia alisimama mbali, macho chini kama siku zote.

"Mwanangu," alisema mzee bila kugeuka. "Mimi sikumzika mke wangu. Nisimulie wewe. Walimfunika kwa nguo gani?"

"Kwa kile kitenge chake cha bluu, baba."

"Cha maua?"

"Cha maua."

Mzee alikaa chini kwenye udongo mbichi.

"Na mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilinyesha kidogo, ikaacha walipoanza kumshusha."

"Haya," alisema Mzee Ambilikile, machozi yakimtoka. "Anza mwanzo. Usiruke kitu."